Mwanamke Aliyefunikwa na Mkakaya

Ezell Pinder alikuwa akichora mbingu kumi na nane kwa asubuhi moja. Ukuta wa banda lake la uani ulikuwa na safu tatu za misumari, na kila msumari ulibeba kibao cha dari, cha aina ile ile wanayotumia mafundi ujenzi, kilichokatwa kwa msumeno na kupakwa rangi nyeupe ya kuta. Alianza juu kushoto na brashi pana, akashuka hadi chini kulia akitia buluu kwenye kila kibao, kisha akarudi mwanzo kutia mawingu, kisha maji, kisha ukingo wa mbali wa mto. Baada ya chakula cha mchana alirudi na kisu cha rangi kuweka mitende, nyasi za kinamasi, na korongo mmoja mmoja mwenye miguu myembamba. Jua likishuka, alikuwa na Florida kumi na nane zinazonuka mafuta, na bega la kulia ambalo halikukubali tena kuinuka kupita sikio.

"Leo umeumba dunia mara ngapi?" mkewe, Odessa, alimuuliza kutoka mlango wa jikoni.

"Kumi na nane."

"Mungu mwenyewe aliumba moja akapumzika."

"Mungu hakuwa na Cleo mlangoni."

Cleophus Strachan, ambaye kila mtu alimwita Cleo, ndiye aliyeuza. Alikuwa na gari refu la kijani, na ulimi mrefu kuliko gari. Nyumba za maonyesho ya picha za pwani ile hazikuwa na mlango kwa mtu mweusi, labda aingie na ufagio, kwa hiyo picha za Ezell zilienda na Cleo: kwa madaktari wa meno, kwa mawakili, kwa wenye moteli zilizopangana kando ya barabara kuu hadi Miami. Alizipakia kwenye buti zikiwa bado mbichi, akizitenganisha kwa vipande vya mbao ili zisipakane rangi. Mfukoni mwa mlango wa gari aliweka kisu na tyubu chache. Mteja akitaka ndege, Cleo alimwekea ndege pale pale, juu ya boneti. Mteja akitaka mkakaya, ule mti unaochanua mwekundu kama makaa, alimwekea mkakaya. Vitu viwili hivyo ndivyo Cleo alivyojua kuchora, na alivichora kwa kujiamini kama mtu aliyevivumbua.

Kitu kimoja hakikuwemo kabisa katika picha hizo, nacho ni binadamu. Ezell aliwahi kuuliza sababu, miaka ya mwanzoni.

"Ukiweka mtu, mwenye ukuta atauliza ni nani," Cleo alimweleza. "Akishauliza ni nani, ameanza kufikiri. Na mzungu akianza kufikiri, ndugu yangu, mimi narudi na picha nyumbani."

Basi Ezell alichora mto usio na mvuvi, njia isiyo na mpitaji na nyumba zisizo na moshi, mamia kwa mamia, mpaka mkono ukaweza kufanya kazi huku yeye mwenyewe anawaza mambo mengine.

Alizaliwa katika kambi ya wachuma machungwa iliyoitwa Sapp, kwenye kona ya kijito, maili nne kutoka mjini. Baba yake aliondoka na kikosi cha watandika reli akiahidi kurudi baada ya mavuno, bila kusema mavuno ya mwaka gani. Mama yake, Arzula, alifua nguo za familia saba za wazungu katika chungu cha chuma kilichokaa juu ya moto nje ya nyumba. Ezell alipofikisha miaka tisa alipewa ngazi na mfuko wa kuchumia. Mfuko ukijaa machungwa huning'inia bega moja, na kwa miaka kumi na minne lilikuwa bega lile lile. Baadaye akapata kazi ya kupaka rangi nyumba za watu. Mabaki ya rangi ndiyo yaliyomtia mashakani. Siku moja, akiwa na rangi ya dirisha iliyobaki robo kopo na kipande cha ubao kisicho na kazi, alichora anga lililokuwa juu ya paa alilokuwa akilipaka. Msimamizi wake alimkemea kwa kupoteza muda, kisha akainunua picha.

Watu wa mtaani walimwita msanii, yeye akakataa. "Mimi mchuma machungwa," alisema. "Nimebadilisha mti tu."

Mwaka wa sitini na sita, Ezell akiwa na miaka arobaini na minne, matrekta yaliingia Sapp. Kampuni moja ilikuwa imenunua kona yote ya kijito ili kukijaza mchanga na kujenga nyumba zenye gati za mashua. Arzula alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Ezell alikwenda kutazama Jumapili moja baada ya ibada, akiwa na suti. Nyumba ya mama yake ilikuwa bado imesimama juu ya nguzo zake, na mahali pa chungu palikuwa bado na duara jeusi ardhini. Dereva wa trekta, kijana mweusi kutoka Georgia, alimwambia kwa adabu, "Baba, kama una kitu humo ndani kichukue. Jumanne tunafika hapo."

Hakuwa na kitu humo ndani. Wala hakuwa na picha hata moja ya mama yake, maana Arzula hakuwahi kupigwa picha maishani. Kila alipoambiwa twende kwa mpiga picha, alisema ana nguo za watu majini.

Juma hilo Ezell alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka kumi na mitano. Aliweka kibao kimoja juu ya kiti, peke yake, akakichora taratibu. Ilimchukua wiki tatu, kwa dakika alizoiba kila jioni kabla ya chakula. Alichora kona ya kijito, nyumba, mtende uliopinda. Vyote hivyo vilikuwa vimekauka alipofikia kumchora Arzula. Alimchora Jumanne moja, kwa rangi nyembamba, ameinamia chungu, mgongo kwa mtazamaji, gauni la buluu lililofifia, kitambaa cheupe kichwani. Hakuwa mkubwa kuliko kidole gumba. Lakini Odessa alipotoka na bakuli la maharage alisimama, bakuli mkononi.

"Huyo ni Mama," alisema.

"Umemjuaje? Uso hauonekani."

"Nani mwingine anasimama hivyo, mguu mmoja umepumzishwa juu ya mwingine?"

Hapo ndipo Ezell alipojua kwamba amempata.

Alhamisi ilinyesha mvua ya ghafla ya mchana, ile inayokuja na upepo wa pembeni. Ezell, aliyekuwa amesimama tangu alfajiri, alikimbiza kila kitu chini ya upenu wa banda. Kibao kimoja cha wiki hiyo kilikuwa kimepasuka na msumari wake ulikuwa mtupu. Akaitundika picha ya mama yake hapo, akaingia ndani, akalala na viatu. Yeye na Cleo walikuwa na utaratibu wao, ambao haukuwahi kuvunjwa tangu waanze: kilichoko msumarini Ijumaa asubuhi kinaingia garini. Cleo hakuhitaji kubisha hodi.

Ezell aliamka saa nne, jua limeshapanda. Ukuta wa banda ulikuwa na misumari kumi na minane mitupu.

Cleo alirudi Jumamosi alasiri, anapiga mluzi, na mfuko wa kamba wabichi kwa ajili ya Odessa. Alimkuta Ezell amekaa kwenye ngazi ya mlango.

"Zote zimekwenda!" Cleo alipaza sauti. "Shemeji, weka sufuria! Zote kumi na nane, hata ile ya ajabu."

"Ile ya ajabu iko wapi?" Ezell aliuliza.

"Kwa Bi Haskew, mwenye moteli ya bwawa la kuogelea kule Jensen. Aliupenda mto wake. Akasema tu, 'Huyu mwanamke anafanya nini hapa? Sitaki mtu kwenye ukuta wangu.' Nikamwambia, 'Mama, dakika moja,' nikamwekea mkakaya." Cleo alicheka. "Mkakaya safi kabisa, mnene. Nimemfunika vizuri, hata kitambaa hakionekani."

Hakuna aliyecheka pamoja naye. Odessa aliuchukua mfuko wa kamba mkononi mwake, taratibu, kama mtu anavyomnyang'anya mlevi ufunguo.

"Cleo," alisema, "umemfunika Mama Arzula."

Cleo alimtazama Odessa, kisha Ezell, kisha ukuta wa banda. Alivua kofia. Alimjua Arzula. Utotoni alikuwa akila mkate wa mahindi kwake mara nyingi kuliko kwao. "Alikuwa amegeuka," alisema hatimaye. "Ningejuaje, Ezell? Alikuwa amenipa mgongo."

"Uliweka rangi kwa kisu au kwa brashi?"

"Kwa kisu."

"Uliisugua chini au ulipita juu juu?"

"Juu juu. Nilikuwa na haraka."

Ezell alihesabu kwa vidole. Mama yake alikuwa chini, rangi nyembamba ya siku nne, labda imeshashika. Mkakaya ulikuwa juu, rangi nene ya siku moja. Rangi ya mafuta iliyowekwa kwa kisu hukaa laini siku tatu, ikikawia nne. Baada ya hapo mama yake na mti wangekuwa kitu kimoja, na hakuna kisu wala tapentaini ambayo ingewatenganisha.

"Kesho baada ya ibada unanipeleka," alisema.

"Nitakupeleka hata wakati wa ibada."

Walifika saa nane. Bi Haskew, mjane wa miaka kama thelathini na mitano mwenye miwani ya jua, alikuwa anamwagilia maua. Picha waliiona kupitia dirisha la ofisi, nyuma ya meza ya funguo. Mkakaya uliwaka katikati yake.

"Cleophus! Umeniletea nyingine?"

"Nimekuletea mwenyewe, mama. Mchoraji. Huyu hapa, nyama na mifupa."

Ezell alivua kofia. Alisema kwamba ile picha haikupaswa kuuzwa, ni kosa lake yeye, na yuko tayari kumpa mbili badala yake.

"Lakini mimi naipenda hii," Bi Haskew alisema. "Nimeshaizoea. Ule mti ndio hasa ninaoupenda."

"Ninaweza kukuchorea mti huo huo, mama. Mkubwa zaidi."

"Lini?"

"Sasa hivi. Hapo nje."

Wazo hilo lilimfurahisha. Wageni wake walikuwa wamekaa kando ya bwawa bila la kufanya. Alivuta kiti cha plastiki hadi kivulini, akawaita waje watazame. Cleo alitoa kibao kipya kwenye buti, akakiegemeza kwenye mgongo wa kiti, akashika tyubu kama msaidizi wa daktari. Ezell alianza na anga, kama kawaida. Lakini bega lilikuwa limechoka tangu Alhamisi, na kila aliponyoosha mkono kufikia juu alisikia kitu ndani kinasuguana. Alisimama juu ya vidole vya miguu ili mkono usipande sana. Wageni walidhani ndivyo wachoraji wanavyosimama.

"Nani alikufundisha?" aliuliza bwana mmoja mwenye glasi ya chai ya barafu.

"Kibarua, bwana."

"Hutumii picha ya kunakili?"

"Huu mto ninaujua."

"Anaweza kuuchora usingizini," Cleo alidakia. "Mara nyingine ndivyo anavyofanya. Mtazameni macho."

Watu walicheka, na kicheko kikamsaidia Ezell kupumzika nusu dakika. Maji. Ukingo wa mbali. Mitende. Kisha mkakaya, ambao aliuchora kama alivyoahidi, mkubwa, matawi yake yamelala juu ya mto na maua yanadondokea majini. Ilichukua saa moja na robo. Alipomaliza, mwanamke mmoja alipiga makofi, na yeye akakaa chini kwenye saruji.

Bi Haskew aliitoa ile ya zamani ofisini, akaziweka pamoja. Alizitazama muda mrefu. Ezell aliyatazama mabonge mekundu ya rangi, yakimeta, bado laini, na chini yake mama yake, kiasi cha kidole gumba.

"Unajua," Bi Haskew alisema, "zinapendeza zikiwa mbili. Hii nitaiweka chumba cha chakula. Nitakulipa zote."

Cleo alifungua mdomo. Ezell alimgusa kifundo cha mguu, naye Cleo akaufunga.

"Mama," Ezell alisema kutoka pale chini, kwa maana kusimama kulikuwa mbali, "chini ya mti huo yupo mama yangu."

Bi Haskew aliondoa miwani. "Nilidhani ni dobi."

"Alikuwa dobi."

Bwana wa chai ya barafu alitazama bwawa. Mtoto mmoja aliruka majini na hakuna aliyemkemea. Uso wa Bi Haskew ulianza kupata wekundu kuanzia shingoni, na Ezell, aliyewaona wazungu wengi wakiwa wekundu hivyo na kujua kwamba aibu yao inaweza kugeuka hasira kabla hujavaa kofia, alisubiri aone itageukia wapi.

"Ichukueni," Bi Haskew alisema hatimaye, kwa ukali kidogo. "Ichukueni tu. Siwezi kulala na kitu kama hicho ukutani." Akamkabidhi Cleo, si Ezell, akarudi kwenye maua yake. Hawakujua kama alimaanisha kwa wema au kwa kero, na hawakukaa kuuliza.

Njiani Cleo aliendesha taratibu kuliko kawaida yake. Picha ilikaa mapajani mwa Ezell, uso juu, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi, na joto likiwapika wote wawili.

Uani, Ezell aliilaza mezani na kuanza. Kisu bapa kwanza, kimelazwa karibu sawa na ubao, akikwangua mwekundu kwa unene wa kucha. Kisha kitambaa kilichogusishwa tapentaini kidogo tu. Ua moja, kufuta kitambaa, ua jingine. Odessa alishika taa ya mkono ingawa jua lilikuwa bado lipo, ili amulike pembeni. Cleo alisimama mbali kama mtu aliye nje ya chumba cha upasuaji.

Mguu ulitokea kwanza, ule uliopumzishwa juu ya mwingine. Cleo alitoa sauti ndogo. Kisha gauni la buluu, zima. Kisha mikono, kisha mgongo. Kichwani ndipo rangi ya juu ilipokuwa nene zaidi, na ile nyeupe ya chini, ambayo hukawia kukauka kuliko buluu, ilikuwa imeunywa wekundu wake. Ezell alikwangua mara moja, akaona kitambaa cha mama yake kinataka kuondoka pamoja na kisu. Akaacha.

Walimtazama. Arzula alikuwa ameinamia chungu chake, mzima, na kitambaa chekundu kichwani.

"Mama mkwe na nyekundu," Odessa alisema. "Alimfukuza dada yake mezani kwa sababu ya soksi nyekundu."

"Angenichapa."

"Angekuchapa, kisha angemchapa Cleo."

"Ningestahili," Cleo alisema kutoka mbali.

"Ni tone moja la nyeupe," Ezell alisema. "Ikikauka kabisa nitamrekebisha. Wiki ijayo." Alikuwa bado anasema hivyo alipolala, pale pale kitini, kidevu kifuani, na Odessa akakitoa kisu vidoleni mwake.

Wiki iliyofuata kulikuwa na agizo la benki. Iliyofuata kulikuwa na kimbunga, na banda kupoteza paa. Ezell aliendelea kuchora miaka tisa zaidi, mpaka wenye moteli walipoanza kununua picha za kuchapwa kiwandani, na bega lilipokataa hata akisimama juu ya vidole. Baada ya hapo alipata kazi ya ulinzi kwenye ghala la machungwa, ya kukaa. Picha ya kona ya kijito ilikaa juu ya redio sebuleni. Mara kadhaa aliishusha, akafungua tyubu ya nyeupe, akaiweka mbele yake kwenye meza. Kila mara alikuwa ametoka kazini, na kitambaa kilikuwa kidogo kuliko punje ya mahindi. Aliogopa kumpoteza kwa kumsahihisha.

Wajukuu wake walikua wakijua kwamba bibi wa baba yao alipenda kuvaa nyekundu. Walisema hivyo kanisani, walisema shuleni. Binti mmoja alipobatizwa jina la Arzula alifungwa utepe mwekundu kwa heshima ya bibi huyo, na watu wote wakatabasamu. Ezell, aliyekaa benchi la mbele na mkono wake mbaya mapajani, alifungua mdomo kusema kwamba haikuwa hivyo. Ingebidi aanze mbali sana, kwenye chungu, kwenye mvua ya Alhamisi, kwenye barabara ya Jensen. Akaufunga, akamwombea mtoto.